Fundi vioo wa Mwanjelwa aliyetengeneza madirisha yetu bila kuyang'oa: nampa nyota nne

Naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka: kazi yake nzuri, bei inaeleweka, na kama una madirisha ya mbao ya zamani yanayopitisha baridi mfuate yeye kwanza kabla hujampigia mtu wa alminiamu. Nyota moja nimeibana na sababu nitaisema huko chini maana sio ndogo. Jina lake siliweki hapa kwa sababu hajaniruhusu nimtangaze, ila banda lake liko Mwanjelwa hapa Mbeya, upande wa maduka ya vifaa vya ujenzi, utaona vioo vimesimamishwa nje kwenye stendi ya mbao na ndani kuna meza ndefu imetandikwa blanketi la kijivu, hapo ndo anapokatia.

Sasa niwaeleze vizuri, maana najua watu wa Mbeya wengi shida yetu moja na wengi tunaishia kupigwa hela.

Nyumba iko Ilomba, sio mbali na barabara kuu, na imejengwa kwa awamu si unajua tena nyumba zetu. Vyumba vya mbele alijenga baba mkwe zamani, madirisha yake ni ya mbao yenye vioo vidogovidogo vilivyoshikwa na puti (ule ungaunga uliokandwa wa kushikilia kioo kwenye mbao), vya nyuma tumeongeza sisi na huko kuna slaidi za alminiamu, yale madirisha ya kusukuma pembeni. Kwa hiyo nilikuwa na ugonjwa wa aina mbili kwenye nyumba moja. Mbele vioo vina nyufa, puti imekauka inadondoka vipandevipande, dirisha la chumba cha mama mkwe halifungi mpaka ulisukume na bega, na malori ya Tunduma yakipita usiku vioo vyote vinagonga kakakaka mpaka unashtuka usingizini. Nyuma sasa, mvua ya upepo ikinyesha maji yanajaa kwenye reli ya dirisha yanamwagikia ndani, asubuhi unakuta zulia limelowa, na dirisha moja lilikuwa zito mtoto hawezi kulisogeza kabisa.

Halafu baridi jamani. Mji wetu uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10 bila kuuliza mtu. Ndugu zetu wa Makete na Njombe ndo usiseme, huko asubuhi wanakuta majani yameganda. Sasa kwenye baridi ya hivyo ukiwa na dirisha lenye mwanya wa kuingia sarafu upande mzima, hata ujifunike mablanketi matatu upepo utakufuata tu. Mama mkwe ana magoti yanamsumbua, alikuwa anachomeka matambara kwenye mianya kila jioni na kuyatoa asubuhi, mimi naona, inaniuma.

Nilitafuta mafundi. Wa kwanza (simtaji) alikuja na simu yake ina picha za madirisha mazuri ya alminiamu vioo vya bluu, akasimama katikati ya sebule, hakugusa dirisha hata moja, hakutoa tepu, akasema dada hizi mbao zimepitwa na wakati ng'oa zote weka slaidi nyumba nzima, akataja zaidi ya milioni mbili. Mwingine yeye alitaka kupaka silikoni juu ya puti ileile iliyokufa, yaani pale ilipopasuka anajaza silikoni mambo yanaisha. Huyo nilimkatalia palepale, silikoni ikipakwa juu ya kitu kinachobanduka itabanduka nacho, hilo halihitaji shule.

Huyu mzee wa Mwanjelwa nilielekezwa na dada mmoja muuza mitumba. Nikamfuata bandani, shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamweleza. Hakutaja bei. Akaniuliza tu upande gani wa nyumba mvua inapiga, madirisha yana bawaba ngapi, na kama ukuta una vitundu vya hewa juu ya dirisha. Nikajua huyu anajua anachouliza.

Siku aliyokuja nyumbani kitu cha kwanza alichofanya alitoa bisibisi nyembamba akaanza kuchoma mbao za fremu polepole, pembe moja baada ya nyingine, juu, pembeni, halafu chini. Juu bisibisi inagota tu. Pembeni inagota. Alipofika mbao ya chini ya dirisha la mama mkwe, upande unaotazama mvua, ncha ikazama kama inaingia kwenye kiazi kilichoiva na maji kidogo yakatoka. Rangi juu ilikuwa nzima kabisa inang'aa! Akanishika mkono akaniambia shika mwenyewe mwanangu uone, halafu akachora kwa penseli pale uozo ulipoanzia na pale ulipoishia, hakikuwa kipande kirefu, chini ya urefu wa kiganja changu. Fremu yote iliyobaki ni mninga, ngumu haina shida. Akasema "hii mbao ukiitupa leo, ya kurudishia utanunua paini, na paini isiyopigwa dawa kwenye mvua ya hapa haifiki mbali". Mimi sina neno baya na paini ya shamba la miti la Sao Hill, nyumba nyingi za nyanda za juu kusini zimepauliwa kwa hiyo, lakini kwenye dirisha linalolowa kila mwaka kuanzia Novemba mpaka Aprili mninga ni kitu kingine.

Akanieleza kwa nini kunaoza pale tu, na hii nataka muielewe kwa sababu ndo chanzo cha mambo yote. Puti ikikauka sana inaachana na kioo, unabaki mwanya mwembamba hata huuoni. Maji ya mvua yanateleza kwenye kioo yanaingia humo, yanakaa nyuma ya puti juu ya mbao ya chini, hayana pa kutokea maana rangi ya mafuta imefunika nje. Mbao inabaki mbichi miezi na miezi inaoza kwa ndani. Kwa hiyo mtu anaona rangi imevimba kidogo anapaka rangi nyingine juu, anazidi kuyafungia maji humohumo. Dirisha halikufa kwa uzee, limekufa kwa kukosa puti ya bei ya soda.

Kazi yenyewe sasa. Alilitoa dirisha kwenye bawaba akalilaza kwenye blanketi uani. Puti ya zamani aliitoa kwa patasi, kidogokidogo, na hapa aliniambia watoto niwatoe kabisa, na ile rangi ya zamani hakuikwangua ikiwa kavu, aliloweka maji akapiga msasa wa maji ili vumbi lisiruke, kwa sababu rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto wadogo. Nimeona mafundi wengi sana wanapiga msasa mkavu watoto wanacheza pembeni, huyu ndo wa kwanza kumsikia anasema hivyo. Kile kipande kilichooza alikikata kwa mshazari, sio mkato wa kunyooka, akaunga kipande kipya cha mninga kwa gundi na skrubu, akakiranda mpaka ukipitisha kidole husikii kiungo. Mshazari una sababu yake, gundi inapata eneo kubwa la kushika na maji hayapati mstari wa kunyooka wa kuingilia.

Halafu kabla ya kuweka puti alipaka praima kwenye ule mfereji wa mbao. Nikamuuliza baba mbona unapaka rangi sehemu itakayofunikwa? Akanijibu puti ni unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani, ukiiweka kwenye mbao kavu isiyo na praima mbao inanyonya mafuta yote, puti inabaki unga, mwaka haufiki inadondoka. Hapo nikaelewa kwa nini kuna dirisha letu moja liliwekwa puti juzijuzi tu na fundi mwingine na likawa limeshaanza kupukutika wakati mengine ya miaka nenda rudi bado yalikuwa yanashika shika.

Kwenye kupima kioo ndo alinimaliza kabisa. Fremu ya zamani haijakaa sawa, imekaa upande, wewe ukiiangalia kwa macho unaona iko sawa. Alipima upana juu, katikati na chini, akachukua kipimo kidogo kuliko vyote, urefu hivyohivyo, halafu akapima kona kwa kona akakuta tofauti. Kisha kwenye kila kipimo akapunguza milimita 3. Watu wengi wanadhani kioo kikibana kabisa kwenye fremu ndo kazi nzuri, kumbe ndo kinapasuka hicho, mbao ikivimba wakati wa masika inakibana, lori likipita fremu inatikisika kioo hakina pa kwenda, na sisi hapa tuko kwenye Bonde la Ufa vitetemeko vidogo vinatupitia mara nyingine usiku hata hatujui. Ile nafasi ndogo inajazwa na puti, kioo kinapumua. Nyufa zetu nyingi zilianzia kwenye kona, na yeye alipoziona tu alisema hivi vilikatwa vikubwa.

Kukata niliona bandani kwake maana nilienda naye kuchukua. Anachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, anaweka rula, anavuta mara moja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, sauti moja nyembamba ya kuchana, harudii. Akirudia mstari kioo kinapasuka ovyo. Halafu anasogeza ule mstari kwenye ukingo wa meza anabonyeza kidogo, tak, kimeachana. Kingo zote akazipitishia jiwe la kunolea ili zisikate mtu. Mimi nilitaka kioo cha milimita 6 nikiamini kinene ndo imara, akakataa. Hesabu yake nimeishika: kioo kila milimita moja ya unene kina uzito wa kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, kwa hiyo cha milimita 4 ni kilo 10 na cha milimita 6 ni kilo 15, fremu ile na bawaba zile zilitengenezwa kwa kioo chepesi, ukiweka kizito dirisha linainama linaanza kugusa chini na unarudi kulekule kwa kusukuma na bega. Angekuwa mtu wa tamaa angeniuzia cha 6, hela ni nyingi zaidi. Hapo ndo nilimwamini moja kwa moja.

Kuweka kioo: puti nyembamba kwanza kwenye mfereji, kioo kinakalishwa juu yake anakibonyeza pembeni tu, hagusi katikati, vimisumari vidogo visivyo na kichwa vinashikilia, halafu puti ya nje inavutwa na kisu kwa mteremko ili maji yakimbie. Baada ya hapo anakwambia usipake rangi kwanza, iache ishike ngozi, wiki au zaidi kwa baridi ya hapa. Na ukipaka, rangi ipite juu ya puti iingie kwenye kioo kidogo kama milimita mbili, huo ukingo ndo unaoziba maji. Wapaka rangi wengi tunafanya kinyume, tunakwangua rangi yote iliyogusa kioo ili ipendeze, tunafungua njia ya maji upya.

Dirisha lililokuwa halifungi hakuliranda sana. Tulikuwa tumeshaingia kiangazi, akasema kama ingekuwa masika asingeliranda kabisa, mbao ikiwa imevimba na maji ukiiranda ili ifunge, kiangazi ikikauka inasinyaa unabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Kumbe tatizo kubwa lilikuwa skrubu za bawaba ya juu zimelegea dirisha limening'inia, akaziba matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, akafunga skrubu ndefu zaidi, dirisha likapanda likafunga kwa kidole. Mama mkwe alilifunga akalifungua akalifunga tena, akamwambia ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), mzee naye kumbe Mnyakyusa wa Rungwe, wakaanza kuulizana koo mpaka chai ikapoa.

Sasa zile slaidi za nyuma, hapa ndo nawaomba mniangalie vizuri wenye nyumba mpya. Kila fundi aliyepita kabla yake alisema tatizo ni silikoni imeisha, paka nyingine. Mzee alilinyanyua dirisha juu kwenye reli ya juu, akavuta sehemu ya chini kuja ndani, likatoka lote mikononi bila kufungua skrubu hata moja. Chini kwenye reli kulikuwa na udongo, nzi waliokufa, na vipande vya plasta vya tangu siku ya ujenzi. Akachukua kikombe cha maji akamimina kwenye reli. Maji yakatulia pale. Akasema unaona, hili ni beseni. Reli ya slaidi inatakiwa iwe na vitundu vya kutolea maji upande wa nje, na vya kwetu vilikuwepo, vitatu, lakini viwili vimezibwa na plasta na rangi na cha tatu mtu kakipaka silikoni kwa nje akidhani anazuia mvua isiingie! Akavizibua kwa msumari mwembamba na waya, akamwaga kikombe kingine, maji yakatoka nje yote mbele ya macho yangu. Hiyo tu. Kwa dirisha lile la maji hakutuuzia kitu chochote, kazi ya kuzibua vitundu.

Lile zito lilikuwa na rola (vigurudumu vya chini) zimekufa, zimelika upande mmoja kwa mchanga, akabadilisha, na akanionyesha kuwa rola zina skrubu ndogo pembeni ya chini ya dirisha, ukiikaza au kuilegeza dirisha linapanda au kushuka, kwa hiyo likianza kukwama upande mmoja sihitaji kumwita mtu. Manyoya ya pembeni, ile mistari ya brashi inayozuia upepo, yalikuwa yamelala yameisha, akavuta mapya. Pale palipohitaji silikoni kweli, kati ya fremu na ukuta, alitoa ya zamani yote kwanza kwa wembe, akapangusa, ndo akapaka, na alichagua ile isiyonuka siki kwa sababu yenye harufu ya siki asidi yake inakula baadhi ya metali.

Kuna jambo moja alisema ambalo nalirudia kwa kila mtu anayekuja kwangu. Alipomaliza vyumba vya mbele akauliza mnaota moto na nini usiku? Nikamwambia mara nyingine tunaingiza jiko la mkaa chumbani kwa mama mpaka akipata joto. Akaacha kazi kabisa akakaa chini. Akasema mwanangu, nyumba yako ilikuwa inapitisha upepo, saivi nimeziba, hilo jiko lisiingie tena ndani. Na ni kweli, mkaa unapoungua unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, kwenye chumba kilichofungwa watu wanalala hawaamki, na huku kwetu nyanda za juu kila msimu wa baridi watu wanaingiza majiko ndani. Hata yakiwa ndo makaa yanayozimika bado yanatoa. Alikataa pia kuziba vile vitundu vya hewa juu ya dirisha japo mume wangu alikuwa anataka vizibwe, alisema hivyo ni vya kupumulia na pia ndo vinapunguza lile jasho la kwenye vioo asubuhi. Jiko letu sasa halivuki mlango wa jikoni, mama tumemnunulia chupa ya maji ya moto ya mpira ya kuweka miguuni.

Alminiamu nayo sitaki kuonekana naiponda. Haiozi, mchwa hawaigusi, haitaki rangi, na kama fremu yako ya mbao bisibisi inazama kila upande au mchwa wameshafanya makazi basi ng'oa tu usipoteze hela kuunga. Vilevile kama dirisha ni kubwa limefika karibu na sakafu na watoto wanakimbia, usiweke kioo cha kawaida, weka kile kilichochomwa kuwa kigumu, ila ujue hicho hakikatwi tena baada ya kuchomwa, lazima vipimo viwe sahihi tangu mwanzo. Lakini kwa baridi, alminiamu zetu za kawaida zinapitisha baridi kuliko mbao, weka mkono asubuhi ya Julai kwenye fremu ya slaidi halafu weka kwenye fremu ya mninga utapata jibu mwenyewe. Kuambiwa mtu ung'oe mbao nzima kavu ili upate joto, hapana.

Hela: madirisha matatu ya mbao na mawili ya slaidi, vioo, puti, rola, manyoya, silikoni na ufundi wake, nilitoa chini ya laki tatu. Linganisha mwenyewe na ile milioni mbili na ushee. Vioo ananunua kwa jumla anakukatia kwa kipimo, ufundi anauhesabu pembeni na anakwambia kabla hajaanza. Usafiri wa vioo juu yako. Alivifunga kwenye bajaji vikiwa vimesimama, blanketi katikati, hakukubali vilazwe, na alimfukuza kijana wa boda aliyekuwa anataka kuvishika kifuani na abiria nyuma.

Sasa ile nyota niliyoibana. Moja, muda. Anasema asubuhi anakuja mchana, anasema kesho haonekani, na simu hapokei akiwa anakata. Ukiwa na kazi ya kuajiriwa inakutesa, mimi ilibidi niombe ruhusa halafu nikae namsubiri getini. Mbili, na hii ndo iliyonikera hasa, siku ya kwanza alivyoondoka alizoa vipande vikubwa vya vioo ila vile vidogo vilibaki chini ya dirisha kwenye kibustani cha mchicha, na mtoto wangu wa mwisho anapenda kucheza palepale peku. Niliviona jioni jua linapopiga, vinameta kwenye udongo. Nilimpigia nikamwambia kwa ukali kidogo, na kwa haki yake alikuja asubuhi na mapema na ndoo na mfuko wa saruji, akaukwangua ule udongo wa juu wote akaubeba, siku zilizofuata alikuwa anatandika turubai kabla ya kugusa kioo. Lakini hilo turubai lilitakiwa liwepo tangu mwanzo. Tatu, risiti hana, anaandika kwenye karatasi ya daftari, kwangu haikuwa shida ila mwenye nyumba ya kupangisha au ofisi atasumbuka. Na rangi hapaki, hilo aliniambia mapema kwa hiyo silihesabu.

Mvua za kwanza zimeshapita tangu amalize, zile za mwanzo zenye upepo na mawe kidogo. Reli za nyuma kavu. Puti imekaa, hakuna ufa, na dirisha la mama mkwe halijavimba. Malori bado yanapita usiku kucha ila vioo havigongi.

Ukitaka kwenda kwake nenda asubuhi kabla hajatawanyika kwenye nyumba za watu, na usiende mikono mitupu, piga picha dirisha lote kwa nje na kwa ndani halafu piga karibu zile kona mbili za chini, ndo atakazoomba kuziona. Kama kuna kioo kilichopasuka beba kipande chake apime unene, kifunge kwenye boksi na uandike juu kuwa ni kioo. Mwambie mapema unataka turubai. Nenda kati ya Juni na Oktoba kama dirisha ni la mbao, masika atakwambia subiri likauke. Jumapili banda limefungwa.